Mseto upi? Viwango vya data vilipoingia stoo yetu ya dawa

Kidonge cha kawaida cha dawa mseto ya malaria, ile tuliyozoea kuiita ALu, kina miligramu 20 za artemether na miligramu 120 za lumefantrine. Ukiacha vile vya watoto vya kuyeyushwa kwenye maji, kidonge ni kilekile kwa mtoto na kwa mtu mzima. Kinachobadilika ni pakiti: ipo ya vidonge 6, ya 12, ya 18 na ya 24, kulingana na uzito wa mgonjwa. Kwenye leja ya stoo yetu pakiti zote nne ziliandikwa neno moja: Mseto.

Kompyuta nayo ilinakili leja. Kila mwisho wa mwezi ripoti ilisema mseto upo wa kutosha, huku kliniki yetu ya Gongo la Mboto ikipiga simu kwamba pakiti za watoto zimekwisha. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Vidonge vilikuwepo, vya pakiti isiyotakiwa. Kwenye dirisha la dawa wakawa wanachukua pakiti ya vidonge 24 na kuikata mkasi vipande vinne. Mgonjwa wa kwanza anaondoka na kipande chenye jina la dawa, wa mwisho anaondoka na kipande kisicho na jina, namba ya toleo (ile ya "batch") wala tarehe ya kuisha muda wa matumizi.

Mimi ni mtu wa ugavi, si mfamasia. Taasisi ninayofanyia kazi ina hospitali moja na kliniki kadhaa zilizotapakaa jijini Dar es Salaam kuanzia Tegeta hadi Mbagala. Uongozi ulipoamua kwamba tunaingia kwenye viwango vya GS1, wengi wetu tulielewa kwamba zinakuja mashine. Hata fomu ya bajeti ilikuwa na mstari mmoja tu: skana.

Kwa asiyejua, GS1 ndio mfumo wa namba unaobebwa na zile barkodi za dukani. Barkodi ya kwanza ya aina hiyo ilipitishwa kwenye skana ya kaunta mwaka 1974, katika supamaketi moja ya mji wa Troy, Ohio, na bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya bazoka. Hospitali zimeazima mfumo huohuo. Bidhaa inapewa namba iitwayo GTIN, mahali panapewa namba ya tarakimu 13 iitwayo GLN, na juu ya hapo zinaongezwa namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. England waliujaribu katika taasisi sita za hospitali za umma, wakauita mpango wao Scan4Safety, wakiunganisha mgonjwa, bidhaa na mahali. Sisi tulianza na bidhaa, na hiyo peke yake ilitutoa jasho.

Nisahihishe jambo moja ninalolisikia mara kwa mara, hata kwa watu wa manunuzi. Namba inayoanza na 620 haimaanishi kuwa bidhaa imetengenezwa Tanzania. Inamaanisha kwamba kampuni ilichukua namba zake kupitia GS1 Tanzania. Kiwanda kinaweza kuwa popote.

Skana zilifika kabla ya kitu kingine chochote. Zilikuwa za mwanga wa leza, za bei nafuu, zinazosoma mistari ya sabuni na biskuti bila shida. Ila boksi za dawa siku hizi zinakuja na DataMatrix, kile kimraba chenye vidoto ambacho kila mtu pale kwetu alikiita QR. Ukikiangalia vizuri utaona si QR: QR ina macho matatu kwenye pembe, DataMatrix ina mstari mzito pande mbili tu zilizokutana. Leza haikisomi hata uiinamishe vipi, kinahitaji skana yenye kamera ndani. Skana zile zilihamishiwa kantini.

Basi tukabaki na orodha.

Tuliichapisha orodha yote ya bidhaa zilizomo kwenye kompyuta, tukaitandaza juu ya meza ya mikutano: mfamasia mkuu, muuguzi kiongozi wa thieta, mhasibu, kijana wa kompyuta, mimi, na mzee wa stoo aliyekuwepo hapo kabla ya sisi wote. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama makaratasi.

"Marahaba mwanangu. Kwa hiyo leo mmekuja kuzibatiza dawa zangu?"

Hakukosea sana. Paracetamol ilikuwa imeandikwa PCM, Para, Panadol, Paracetamol 500, Paracetamol tini, na pengine imekosewa herufi. Kila jina lilikuwa na salio lake. Mengine yalikuwa na salio hasi, maana watu walipokea kwa jina moja na kutoa kwa jina jingine. Metronidazole na Flagyl zilisimama kama dawa mbili tofauti. Kwa vifaa tiba ilikuwa balaa zaidi. "Glovu" hazikusema ni za upasuaji au za kawaida, wala saizi. "Uzi" ulikuwa uzi tu, na muuguzi wa thieta aliposoma mstari ule alivua miwani.

"Kaka, mimi nikiagiza uzi wa kushona ngozi nikaletewa wa kushona utumbo, nifanyeje? Nimwambie daktari asubiri?"

Majina yalikuwa rahisi kuliko vipimo. Paracetamol inanunuliwa kwa tini ya vidonge 1,000 au kwa boksi la vidonge 100, yaani strip kumi za vidonge kumi kumi. Inatolewa kwa mgonjwa kwa kidonge. Mhasibu alitaka kipimo kiwe kile kilichoandikwa kwenye ankara, kwa sababu ndicho chenye bei. Mfamasia alitaka kidonge, kwa sababu ndicho anachokiandika daktari. Kliniki zilizoea kuandika "100" tu kwenye fomu ya kuagiza, na aliyepokea fomu ndiye aliyeamua kama ni boksi 100 au vidonge 100. Kuna kliniki ililetewa boksi moja kwa mahitaji ya mwezi mzima, na nyingine dawa zikalala kwenye korido.

Ubishi ule ulitula muda kuliko kitu kingine chochote katika mradi, na leo nikiulizwa kazi ya viwango vya data ni nini hasa, nitasema ni ubishi ule. Kiwango kinakulazimisha ujibu swali ambalo umeishi nalo miaka bila kulijibu, kwamba "moja" ni nini. GTIN ya boksi si GTIN ya katoni lenye maboksi hayohayo ndani. Kila ngazi ya ufungashaji inayoagizwa au kuuzwa ina namba yake, na mfumo unapaswa kujua ngazi hii ina ngapi za ngazi ile. Tulikubaliana kidonge kiwe kipimo cha msingi, kila GTIN iandikwe ina vidonge vingapi, na mhasibu aone bei kwa boksi kama alivyozoea, hesabu ifanywe na kompyuta. Kwa ALu, pakiti nne zikawa mistari minne.

Hapo mzee wa stoo akasema neno lililookoa mradi, ingawa kwenye taarifa ya mkutano halikuandikwa. Alisema watu wake hawataandika jina refu la kitaalamu saa nane usiku gari la wagonjwa likiwa nje. Kanyula, vile vibomba vya kuingiza dripu kwenye mshipa, wanaviita kanyula ya pinki, kanyula ya bluu, kanyula ya njano. Na rangi hizo si za kubuni: pinki ni geji 20, bluu 22, njano 24, ndivyo zilivyopangwa kimataifa. Kwa nini wasiachiwe majina yao?

Mshauri tuliyekuwa naye hakulipenda wazo hilo. Aliona tunarudisha fujo kwa mlango wa nyuma. Mimi nilisimama na mzee, na bado nasimama naye. Tulitengeneza safu ya majina ya mtaani ndani ya orodha, kila bidhaa ikawa na jina rasmi moja, GTIN zake, na majina ya kutafutia mengi kadiri watu wanavyotaka. Ukiandika "pinki" inakuja kanyula geji 20. Ukiandika "mseto" hakiji kitu kimoja, zinakuja pakiti zote na wewe unachagua. Wahudumu ambao hadi hapo walikuwa wanatukwepa kwenye korido walianza kutuletea majina ya kuongeza. Nimeona taasisi nyingine zikifuta majina ya watu siku ya kwanza, kisha zikashangaa kwa nini kila idara ina daftari la siri droo ya chini.

Orodha ilipoanza kutulia, tukakutana na Excel.

Namba ya GTIN inaandikwa kwa tarakimu 14, na bidhaa nyingi zina tarakimu 13 zilizotanguliwa na sifuri. Excel ikiona sifuri mwanzoni inaitupa, kisha namba ikiwa ndefu inaifupisha kuwa desimali yenye herufi E katikati. Faili la muuzaji likifunguliwa, likahifadhiwa na kutumwa tena, tayari limeharibika, na aliyelifungua hana habari kuwa amegusa kitu. Dawa yake ni kuifanya safu nzima iwe maandishi kabla ya kubandika chochote, na kuikagua tarakimu ya mwisho. Tarakimu hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Unaanzia kulia, ukiiacha yenyewe, unazidisha tarakimu zilizobaki kwa 3, kwa 1, kwa 3, kwa 1, unajumlisha, na kinachopungua kufikia kumi inayofuata ndicho kinachotakiwa kuwa mwisho wa namba. Kijana wetu wa kompyuta aliweka hesabu hiyo kwenye faili, na namba zilizochapwa kwa mkono zikaanza kujifichua zenyewe kwa rangi nyekundu.

Tarehe nazo zilikuwa na mtego wake. Ndani ya DataMatrix tarehe ya kuisha muda inaandikwa kwa tarakimu sita, mwaka, mwezi, siku, na viwanda vingi vimekuwa vikiweka 00 pale kwenye siku. Maana yake ni mwisho wa mwezi huo. Sasa mwambie Excel akutengenezee tarehe ya siku ya sifuri ya mwezi wa kumi na moja: atakupa tarehe 31 ya mwezi wa kumi, bila kulalamika. Dawa zote zenye 00 zilikuwa zinakufa mwezi mmoja kabla ya wakati wake. Tuligundua kwa sababu mfamasia wa kliniki moja alikataa kuweka kando katoni zima ambalo boksi lake lilisomeka wazi kwa macho kuwa lina mwezi mbele. Aliambiwa mfumo umesema. Akajibu kwamba hata boksi limesema. Nampenda sana mtu wa aina hiyo.

Na kuna mtego wa tatu, huu ni wa watu wa mfumo, ila ukiwa mnunuzi uujue ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Namba ya toleo haina urefu maalumu, inaweza kufika herufi 20. Ikifuatiwa na kitu kingine, kwa mfano namba ya pekee ya boksi, kuna alama isiyoonekana inayotenganisha. Skana nyingi zikiunganishwa kama kibodi zinaimeza alama hiyo, na kompyuta inapokea toleo na namba ya pekee zikiwa zimegandana. Kila boksi linaonekana kuwa toleo jipya. Muuzaji akikuletea skana ya kujaribu, mpe boksi lenye vyote vinne, yaani GTIN, tarehe, toleo na namba ya pekee, na umwambie akuonyeshe vimetengana.

Namba za mahali sikuziamini mwanzoni, niliona ni urasimu. Mbagala ndiyo iliyonibadilisha. Tuna vituo viwili huko, kimoja upande wa Zakhem na kingine Rangi Tatu, na kwenye hati za mzigo vyote viliandikwa Mbagala. Dereva akifika cha kwanza anashusha, anagongewa muhuri, anarudi mjini kabla ya foleni. Siku moja mzigo ulioshushwa pasipo pake ulikuwa na insulini, kwenye boksi la barafu ambalo hakuna aliyelifungua mpaka jioni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akilisubiri. Dar hatuna utamaduni wa anwani. Tunaelekezana kwa msikiti, kwa muembe, kwa baa iliyofungwa zamani. Tulipokipa kila kituo namba yake, na ndani ya hospitali tukaipa thieta, maabara na dirisha la dawa namba zake, hati ikawa haipokelewi bila namba ya pale ilipofikia. Madereva walilalamika wiki za mwanzo, kisha wakazizoea kuliko sisi.

Wauzaji wa jumla wa Kariakoo walikuwa sura nyingine kabisa. Tulichowaomba kilikuwa kidogo: kabla mzigo haujatoka, tutumieni faili lenye GTIN, toleo, tarehe na idadi. Jibu lilikuwa tabasamu. "Bosi, wewe chukua mzigo, hayo mambo ya namba tutaongea." Tulipeleka barua zenye nembo, tukawaalika kwenye semina yenye chai na sambusa. Walikuja kwa sambusa.

Kilichofungua mlango ni mhasibu yuleyule wa ubishi wa vipimo. Kwa kawaida ankara zetu zilichelewa kulipwa kwa kuwa ankara ilisema hiki, hati ya kupokelea ikasema kile, na karatasi zikawa zinatembea kati ya stoo na uhasibu hadi mtu achoke. Akatangaza kwamba ankara iliyotanguliwa na faili, ikaoana na kilichosomwa na skana mlangoni, inaingia kwenye malipo ya kwanza. Hakuongeza hata shilingi. Muuzaji wa kwanza alipolipwa mapema, habari ilitembea Kariakoo yote kwa kasi ambayo barua zetu hazikuwahi kuwa nayo. Kama ningeanza mradi kama huu mahali pengine, ningemwita mhasibu kabla ya mtu wa kompyuta.

Bidhaa zisizo na barkodi kabisa bado zipo, hasa zile za kufungashwa upya na baadhi ya vifaa vya bei ndogo. Hizo tunazichapia lebo zetu wenyewe zenye namba zinazoanza na 2, ambazo kwenye mfumo wa GS1 zimeachwa kwa matumizi ya ndani. Msishawishike kubuni namba nyingine yoyote. Siku moja itagongana na bidhaa halali ya mtu.

Faida? Niseme ile niliyoiona kwa macho. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanapotangaza kwamba toleo fulani la dawa liondolewe, zamani tulipiga simu kila kituo na watu wakapanda kwenye rafu na tochi ya simu kusoma maandishi madogo. Wengine walijibu "haipo" kwa sababu ndilo jibu fupi. Sasa unaandika namba ya toleo, unaona kituo gani na kiasi gani. Ila inaishia rafuni. Dirishani hatuskani wakati wa kumpa mgonjwa, foleni haituruhusu, kwa hiyo nani alikwenda nyumbani na dawa ile bado hatujui. Yeyote anayewaambia mabosi kwamba barkodi kwenye boksi itamfikia mgonjwa, awaonyeshe kwanza skana iliyopo dirishani.

Vilevile msimbo hauthibitishi kwamba dawa ni halali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni duni au bandia, na mtu anayeweza kuiga boksi hashindwi kuiga kimraba cha vidoto. Umoja wa Ulaya tangu Februari 2019 wanalipatia karibu kila boksi la dawa za kuandikiwa na daktari namba yake ya pekee, na duka la dawa linaihakiki kwenye hifadhi ya pamoja kabla ya kutoa. Bila ile hifadhi, namba ya pekee ni wino tu. Sisi tunazihifadhi tukizipata, tukisubiri siku kutakuwa na pa kuziuliza.

Bin kadi, zile kadi za rafuni za kuandikia kinachoingia na kutoka, hatukuziondoa. Ziko zinaning'inia kwenye rafu zilezile, na umeme ukikatika au mtandao ukigoma, mzee anaandika kwa kalamu, kisha kijana anaingiza baadaye. Mshauri alitaka zichomwe ili watu wasiwe na pa kukimbilia. Nadhani hajawahi kukaa stoo ya Dar mwezi wa tatu.

Kilichobaki ni maabara. Mkuu wa maabara amegoma, na hoja yake ni nzito. Boksi moja la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, lina chupa tatu, kila chupa na toleo lake na tarehe yake, na msimbo wa nje unatoa tarehe moja tu ya boksi. Ukishafungua, baadhi ya chupa zinahesabiwa muda mpya kuanzia siku zilipofunguliwa, na hilo halimo kwenye msimbo wowote wa kiwandani. Anataka mfumo upokee boksi, kisha uruhusu kila chupa kusajiliwa peke yake pamoja na tarehe ya kufunguliwa. Kijana wa kompyuta anasema inawezekana. Mhasibu ameuliza kipimo cha msingi kitakuwa nini, chupa, mililita au idadi ya vipimo vinavyotoka humo, na kikao kimepangwa Jumatano.